Nyumba ya bei chee, uliza kwanza mwenyewe yuko wapi

Kila nikikutana na wafanyabiashara wenzangu pale Mugina au Kobero, tukishamaliza habari za bei ya mchele na vitenge, mazungumzo huishia kwenye nyumba. Mtu amepata faida kidogo, anaona faranga inazidi kupoteza thamani mfukoni, anataka aiweke kwenye tofali. Nyumba mpya hazishikiki, basi anatafuta iliyochakaa: bati limeota kutu, nyasi zimefika dirishani, mlango umepigiliwa ubao. Wazo si baya hata kidogo. Nyumba ya namna hiyo ikikarabatiwa Buyenzi au Ngagara haikosi mpangaji. Ninachokipinga ni haraka.

Uchakavu wa jengo unasomeka kwa macho. Ufa mwembamba wa plasta usikutishe. Lakini ufa unaoanzia pembe ya dirisha ukashuka kwa mshazari hadi chini, na kidole kikaingia, huo unakuambia msingi umetitia. Na kwa ukuta wa rukarakara maana yake ni kubomoa. Bati ni jambo dogo, unaezua na kuezeka upya. Ukikuta rangi mpya imepakwa mita moja ya chini tu, huku juu imeachwa ile ya zamani, mwulize muuzaji anaficha nini. Mara nyingi ni alama ya maji.

Na maji Bujumbura si mchezo. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika ukaifunika Gatumba, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda tena likaingia majumbani mwa watu. Nyumba za huko zimeshuka bei kwa sababu inayoeleweka. Isitoshe, sheria ya maji ya mwaka 2012 inahesabu mita 150 kutoka ukingo wa ziwa kuwa mali ya umma, hata uwe umejenga ghorofa. Kandokando ya Ntahangwa nako bonde linakula viwanja kila masika. Chukua kamba ukapime.

Hayo yote fundi mzuri atakueleza kwa siku moja. Kuna jambo ambalo fundi halioni, nalo ndilo linalotuhusu sisi zaidi: nyumba hii ilibaki tupu kwa nini?

Ndugu msomaji uliyerudi kutoka Mtabila au Ulyankulu, huhitaji kufundishwa. Watu walikimbia mwaka 1972, wakakimbia 1993, wakakimbia tena 2015. Wengi waliporudi walikuta mtu mwingine analala chumbani mwao, tena ana karatasi. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema wazi kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, na ikishindikana alipwe fidia. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, mwanzoni ilikuwa ikiwasuluhisha watu wagawane. Baada ya 2011 ikaegemea kumrudishia aliyekimbia mali yake yote. Miongoni mwa walioumia walikuwa watu walionunua kwa nia njema, kutoka kwa mtu wa tatu au wa nne. Muda wa tume hiyo ulikwisha mwaka 2022, lakini migogoro haikwisha nayo. Sasa ni ya mahakama.

Kwa hiyo mimi nasema, kabla hujampa komisioneri hata senti, mtafute nyumbakumi, kisha wazee watatu wa mtaa, mmoja mmoja, mbali na masikio ya muuzaji. Waulize nani aliishi hapo kabla ya 2015, na kabla ya 1993. Majibu yakigongana, ondoka. Yakilingana, nenda kwa msajili wa hati za ardhi, au kwa ofisi ya ardhi ya komini kama kilichopo ni cheti tu cha utaratibu ulioletwa na sheria ya mwaka 2011. Angalia jina. Kama ni la kaka aliyekimbilia Tanzania, na anayeuza ni mdogo wake aliyebaki kulinda nyumba, usikubali kuonyeshwa ujumbe wa simu. Zungumza na kaka mwenyewe, mwandikishane mbele ya notari, mke na watoto wakubwa wakijua.

Wapo watakaosema namna hiyo bei itapanda, kwa sababu mwenye nyumba akipatikana atajua thamani ya mali yake. Ni kweli, itapanda. Lakini bei chee ya nyumba ya aliyekimbia inatokana na yeye kutokuwepo mezani, na sisi tuliowahi kuuziwa vya kwetu tukiwa kambini hatuna uso wa kuifurahia bei hiyo.

Komisioneri atakuharakisha, atasema kuna mteja mwingine anakuja jioni na pesa taslimu. Mwache aje.