Cheti cha wikendi moja, halafu unaachiwa watu?

Wasee, kuna kazi wengi wetu hatuijui mpaka rafiki aipate: mratibu wa utafiti wa kitabibu. Chanjo ikijaribiwa, jina la daktari mkuu ndilo linaandikwa juu. Lakini anayekupigia simu, anayekueleza utafiti, anayekupa fomu ya idhini na kuhakikisha umepata nauli yako ni mratibu.

Mnakumbuka utafiti wa chanjo ya HPV wa Thika, Nairobi na Kisumu? Wasichana 2,275, umri wa miaka 15 hadi 20. Yaani rika letu kabisa. Matokeo yalitoka 2022: dozi moja tu, na miezi 18 baadaye kinga dhidi ya HPV 16 na 18 ilikuwa asilimia 97.5. Watu wakashangilia asilimia. Mimi nawaza waliokuwa wakipiga simu, maana namba kama hiyo haipatikani kama washiriki hawarudi.

Sasa huyu mtu anafundishwaje? Mara nyingi anatumiwa linki ya kozi ya GCP, zile kanuni za kufanya utafiti kwa binadamu. Anasoma, anajibu maswali, cheti hicho. Kozi yenyewe sina shida nayo. Shida ni bosi anayedhani imemaliza kazi. Na kabla mniambie ninaongea hivi kwa sababu niliacha kampasi: hapana, sisemi karatasi ni takataka.

Chukua mfano wa boda. Mshiriki ameanguka na pikipiki, amelazwa. Mgeni kazini atasema, hiyo inahusu chanjo wapi? Anaachana nayo. Kumbe kulazwa peke yake kunatosha kuitwa tukio zito, na linaripotiwa haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24 tangu timu ijue, hata kama lililosababisha ni shimo la barabara. Kwenye kozi hiyo imeandikwa, sawa. Lakini Ijumaa jioni ukiwa umeshabeba begi, ni mzoefu ndiye atakwambia, "Wewe, rudi uandike."

Au damu. Pwani hadithi za mumiani bado zipo. Ukimwambia mama kwamba mtoto atatolewa mililita 5, umemwambia nini? Mratibu mzoefu anachukua kijiko cha chai: mama, ni hiki kimoja. Halafu ananyamaza, anangoja swali. Na kama mama hasomi, shahidi asiye wa timu anakaa hapo tangu mwanzo, si kuitwa mwishoni aje kuweka sahihi tu.

Hata kukosea kunafundishwa. Hufuti fomu kwa wino mweupe. Unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unaweka herufi za jina lako na tarehe. Asiyeonyeshwa hivyo, na anayefokewa kila akiuliza, ataficha.

Rafiki yangu mmoja aliianza hii kazi kwa kutoa fotokopi wiki nzima. Wiki ya pili akaachiwa washiriki. Manze! Ila siwalaumu sana wale wazoefu. Wana washiriki wao, wakaguzi wako mlangoni, na mkataba unaisha pesa za utafiti zikiisha. Nani atakaa chini akufundishe bure?

Kwa hivyo saa za kufundisha ziwekwe kwenye bajeti, vile mafuta ya gari huwekwa. Mgeni atazame kwanza, afanye akitazamwa, na akae na mshiriki peke yake siku mzoefu ameweka sahihi kwamba anaweza. Mtasema inachelewesha. Lakini idhini ikichukuliwa vibaya, majibu ya huyo mshiriki yanaweza kutupwa, na damu yake imetolewa bure.

Ukiitwa intavyu ya hii kazi, uliza: wiki za kwanza nitakaa na nani? Wakikwambia watakutumia linki, uliza tena.