Mwalimu Mgeni wa Japani

Wako wanaodhani kwamba mwalimu wa Kiingereza aendaye Japani huenda kutoa tu. Si kweli. Anayebadilika zaidi ni yeye mwenyewe, na Serikali ya Japani yalijua hilo.

Tangu mwaka 1987 Serikali hiyo imekuwa ikiwaita vijana wa nchi za nje, waliomaliza chuo kikuu, wakasaidie kufundisha mashuleni. Litazameni neno hilo: wakasaidie. Darasa ni la mwalimu Mjapani. Mgeni yu chini yake. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, wala haupiti miaka mitano. Kisha wengi hurudi makwao wakashika kazi za ualimu, biashara au ubalozi, huku wakiisemea Japani vizuri bila kulipwa. Huo ndio werevu wa taifa linalojitawala!

Lakini vijana yatupasa kuwaambia kweli. Asiyejifunza Kijapani hubaki akibadili mikataba mwaka hadi mwaka, bila cheo. Mwaka 2007 kampuni ya NOVA, yenye shule nyingi za Kiingereza, ilipoanguka, maelfu ya walimu wageni waliachwa bila mishahara. Aliyejifunza ana njia: Anthony Bianchi, Mmarekani, alikwenda kufundisha, akachukua uraia, na mwaka 2003 wananchi wa mji wa Inuyama wakamchagua diwani.

Shule zetu nazo hupokea walimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Twataka kila mmoja wao awe msaidizi wa mwalimu mwananchi, na Kiswahili akijue kabla ya kushika chaki.