Thamani ya Chura

Methali yasema kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wengi wameifasiri vibaya, wakadhani kuwa chura mwenyewe hana thamani. Atajwapo chura wa Milima ya Taita mbele ya watu wa Nairobi, huulizwa upesi: "Ana faida gani?" Swali hili, lisemwe katika ofisi za katikati ya jiji au katika vibanda vya Kawangware, ni mizani mbovu, kwa maana hupima kila kiumbe kwa tumbo la mpimaji.

Chura huyu alipewa jina na wataalamu mwaka 2009, Callulina dawida. Haishi popote duniani ila katika masalio ya misitu ya ukungu ya Taita, kama vile Ngangao na Mbololo. Hahitaji kidimbwi; hutaga ardhini, na katika mayai yake hawatoki viluwiluwi bali vyura wadogo kamili. Unyevu wa msitu ndio kidimbwi chake. Msitu ukikatwa hana pa kuhamia, kwani kati ya kilima na kilima kuna mashamba na nyika kavu.

Wapinzani husema kuwa watu wahitaji mashamba na kuni kwanza. Haja hiyo ni ya kweli, na mwenye njaa hastahili dharau. Lakini mashamba hayo hunyweshwa na chemchemi, na chemchemi hulindwa na msitu. Sisi nasi tusijidanganye: sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, ambalo mito yake huanzia misitu ya Aberdare. Afunguaye mfereji Kangemi au Dagoretti hunywa msitu asiouona.

Wengine husema kuwa kiumbe akipotea, wataalamu watamrudisha. Na watazame Kihansi, Tanzania. Chura wa huko aligunduliwa mwaka 1996. Mto ulipogeuzwa kuendesha mitambo ya umeme, rasharasha ya maporomoko ilipungua. Ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokolewa na wachache waliokuwa wakilelewa Marekani, akaanza kurudishwa mwaka 2012, tena kwa kunyunyiziwa maji kwa mabomba. Kulinda kungekuwa rahisi kuliko kufufua.

Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Alidhihakiwa, leo bustani ipo, jengo halipo. Basi nanyi wanafunzi msiogope kucheka kwa watu. Shule yenu ipandapo miti, ulizeni ni miti gani. Mikaratusi na misonobari iliyopandwa Taita huonekana kijani kwa mbali, lakini haikuwa makao ya chura huyu. Takeni miti ya asili. Na mkiulizwa faida ya chura, jibuni kwa swali: ni nani aliyetupa haki ya kumfuta?