MAONI YETU: KUJAZA MAGANDA YA RISASI WENYEWE, TUNAPATA AU TUNAPOTEZA?



Tunaandika habari hii kwa sababu maneno yamekuwa mengi, kisimani na kilabuni, na kila mtu anasema lake. Katika mkutano uliopita vijana wetu walileta hoja kwamba ushirika utoe fedha, inunuliwe mashine ndogo ya mkono ya kujazia upya maganda ya risasi za bunduki ya marisau. Ati badala ya kumrudishia mwenye bunduki fedha za risasi anazonunua mjini, tuwe tunaokota maganda, tunayajaza hapa hapa, na nguruwe mwitu wakija wapate cha moto. Hoja ilipigiwa makofi. Sisi waandishi wa ukuta huu tulipiga makofi pia. Halafu tukakaa chini na kalamu.

Kwanza vijana wasidharauliwe. Wanasema kwa uchungu. Mnakumbuka ule usiku wa msimu uliopita nguruwe walipoingia bonde la chini: bunduki ilikuwapo, mwenyewe mwenye leseni alikuwapo dunguni, risasi hazikuwapo. Alikuwa ameteremka mjini siku mbili kabla, akaambiwa dukani hazijafika. Akapiga debe, akapiga kelele, mbwa wakabweka, nguruwe wakahama upande huu wakaingia upande ule. Kulipokucha mama mmoja mjane alikuta nusu eka ya mahindi mabichi imelala chini. Nguruwe angekula tu akashiba ingekuwa nafuu, lakini yeye huangusha mabua kumi ili atafune hindi moja. Mtu aliyeona shamba lile hawezi kumcheka kijana anayetaka kijiji kiwe na risasi zake.

Lakini hesabu ni hesabu.

Risasi ya marisau ina vitu vitano: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti, kizibo kinachotenga baruti na marisau, na marisau yenyewe. Ukishafyatua, kinachobaki ni ganda tu. Vile vinne lazima uvinunue upya. Na fataki haifuliwi kwa nyundo na mhunzi, hiyo hutoka kiwandani. Kwa hiyo yule ndugu aliyesema "tutaacha kutegemea mjini" hakuangalia vizuri. Leo tunategemea duka la mjini kwa kitu kimoja, risasi. Tukinunua mashine tutalitegemea kwa vitu vinne, na kikikosekana kimoja tu, vingine vyote vinakaa kabatini.

Tumeulizwa: mbona Marekani watu wengi hujaza maganda yao, nao si wajinga? Ni kweli wanajaza. Lakini tazama wanajaza nini na kwa nini. Wengi wao hupiga shabaha kwa mchezo na mashindano, mtu mmoja anafyatua mamia ya risasi kwa muda mfupi. Tena wengi wanajaza za rifle, ambazo ganda lake ni la shaba tupu na ndilo ghali kuliko vitu vingine vyote ndani ya risasi ile. Ukilitumia mara kadhaa, hapo kweli umeokoa kitu. Ganda la marisau ni plastiki au karatasi nene na shaba kidogo kitakoni. Kuliokoa ganda hilo ni kama kuokoa kifuniko cha chupa ya soda. Na hata hao wa rifle, wengi hukiri wenyewe kwamba fedha hazikubaki mfukoni. Risasi ilipokuwa rahisi, wao walifyatua zaidi.

Sasa sisi. Msimu uliopita, kwa daftari la mlinzi wetu, zilifyatuliwa risasi 34. Tuseme, kwa kuwapendelea vijana, kila risasi tutakayojaza wenyewe itatuokolea shilingi 1,000. Na tuseme mashine na mizani yake ya kupimia baruti tutavipata kwa shilingi 600,000. Basi inabidi tufyatue risasi 600 kabla mashine haijarudisha fedha yake. Gawanya kwa 34. Ni miaka zaidi ya 17! Mtoto aliyezaliwa leo atakuwa anatafuta mchumba ndipo ushirika uanze kuona faida ya shilingi 34,000 kwa mwaka. Ukiona tumekosea bei, weka yako, gawanya mwenyewe. Tumejaribu bei tatu na hakuna hata moja iliyotupeleka chini ya miaka kumi.

Wako waliosema marisau tutayeyusha wenyewe kutoka betri mbovu za magari. Hapa tunasema hapana kwa sauti kubwa. Bunduki yetu ni namba 12, na namba hiyo maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, hutoa vigololi 12 vinavyoenea mtutuni. Kwa marisau, kilo moja hutosha kama maganda 30 hivi. Kwa hiyo ni kazi ya jikoni, siyo ya siku moja ikaisha. Na moshi na vumbi la madini ya risasi ni sumu. Humwingia mtu kwa pumzi na kwa chakula, hukaa mwilini miaka, na mtoto mdogo humharibu ubongo asiweze kujifunza vizuri. Betri nayo ina tindikali. Hatuoni ni mahindi mangapi yanaweza kulipia jambo hilo.

Tuseme pia habari ya magobole, maana katika mazungumzo haya yamechanganywa. Wazee wetu walikuwa wakishindilia wenyewe kwa mdeki kila mlio, hawakujua risasi ya dukani. Ni kweli, lakini hawakuchagua. Mataifa ya Ulaya katika mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 yalibana silaha zisiingie Afrika, yakaacha mlango kidogo kwa bunduki za zamani za kushindilia na baruti ya kawaida. Gobole lilibaki mikononi mwa mkulima kwa kuwa ndilo alilobakishiwa. Masizi ya baruti ile hunyonya unyevu na kula mtutu usipooshwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Na baruti ya kisasa isiyo na moshi ukiitia ndani ya gobole kwa kipimo cha zamani, mtutu hupasuka usoni. Kijana wa ng'ambo ya mto anashika jembe kwa vidole vitatu leo kwa sababu hiyo. Mashine ya kujazia nayo ina kosa lake la namna hiyo: ukiongea na mwenzio ukasahau, ganda moja likajazwa baruti mara mbili, atakayepata msiba ni yule aliyeko dunguni usiku, siyo wewe uliyesahau.

Halafu iko sheria. Tumeiweka nyuma makusudi, kwa kuwa ukianza na sheria watu husema umetumwa. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni ya kazi hiyo. Leseni ya kumiliki bunduki ni kitu kingine kabisa. Mlinzi wetu ana ya kumiliki tu. Tukimpa maganda tuliyojaza sisi, tunamtia yeye mashakani na bunduki yenyewe inaweza kuchukuliwa. Hapo hata hizo 34 tutazikosa.

Basi tufanye nini? Waandishi wa ukuta huu wanaona kwamba tatizo letu ni mpaka mrefu na watu wachache, risasi ni sehemu ndogo tu. Zamani kila mtu alilala ndani ya shamba lake. Tangu Operesheni Vijiji, mwaka 1974 na kuendelea, nyumba zilikusanywa na mashamba yakabaki mbali, na baadaye kila mtu akafyeka alipopenda, huku eka, kule eka, na pori katikati. Nguruwe anapenda pori hilo la katikati kuliko mahindi yenyewe, maana ndilo analojifichia mchana.

Chukua eka moja ya hatua 70 kwa 70. Kuizunguka ni hatua 280. Watu tisa waliotawanyika wanalinda hatua 2,520. Watu hao hao wakilima bega kwa bega, mraba wa tatu kwa tatu, mpaka wote ni hatua 840. Ni theluthi moja! Mlinzi ni yule yule, mbwa ni wale wale, usingizi tu ndio umeongezeka. Ukifyeka na ukanda wa wazi pembeni, nguruwe husita kuuvuka, na mtu wa dunguni humwona mapema. Nyani anakuja mchana, huyo ni wa teo na wa watoto wakubwa baada ya shule, siyo wa kupotezea risasi. Nyani akishamjua mwenye bunduki, humpisha akaingia nyuma yake.

Na lile tatizo la dukani linatatuliwa na jambo dogo. Mlinzi anunue risasi za msimu mapema, kwa kiasi kilichoandikwa katika leseni yake, mahindi yakiwa bado ya magotini, asingoje kasha kwisha. Fedha hizo ushirika unazo. Siyo laki sita.

Hatutaficha kwamba kati yetu waandishi watano, mmoja hajakubali. Anasema kushika ufundi ni mali hata kama hesabu haitoki, na kwamba sisi wenye mashamba karibu na nyumba ni rahisi kwetu kusema. La pili hilo ni kweli, na tumelikubali. Kwa sababu hiyo tumekubaliana kwamba zamu za bonde la chini zigawanywe kwa nyumba zote, hata zile ambazo hazina shamba huko, kuanzia nyumba zetu sisi waandishi. Orodha itabandikwa hapa chini kesho.

Kufyeka ukanda wa mpaka ni Jumamosi, kila nyumba jembe moja na panga moja. Wale saba waliokwisha toa fedha za kuanzia mashine waende kwa mtunza hazina na stakabadhi zao, warudishiwe. Asiyejua kusoma asomewe na jirani.