Umeme Uliozimwa Si Umeme Uliokwisha

Miongoni mwa askari na polisi wetu wamo ambao, zamu inapokwisha, huketi mezani na pasi ya kulehemu wakiunda au kutengeneza vyombo vya sauti: redio, santuri, na siku hizi amplifaya ndogo za valvu za kuendeshea hedifoni. Wapo wanaowacheka. Husema kwamba transista ilizaliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na kwamba valvu imebaki kuwa kitu cha makumbusho. Sisi hatukubaliani nao. Kazi hii ni njema na yastahili kuungwa mkono, kwa sharti moja: askari aje mezani na nidhamu ile ile anayokwenda nayo kwenye uwanja wa shabaha.

Historia yenyewe yatuonyesha kwamba ufundi wa nyumbani si mchezo wa watoto. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah huko Marekani, alilipelekea Jeshi la Wanamaji la nchi yake hedifoni alizoziunda jikoni kwake. Zilipojaribiwa zilionekana kuwa bora, na jeshi hilo likaagiza nyingine.

Tena valvu ni mwalimu mzuri. Sehemu zake huonekana kwa macho, na kila kiungo cha amplifaya yake chaweza kuguswa kwa ncha ya mita. Valvu mpya bado hutengenezwa viwandani Urusi, Slovakia na China. Anayeielewa amplifaya ya valvu mbili ameelewa msingi wa vyombo vingi vya mawasiliano.

Lakini mwalimu huyu huua. Valvu yahitaji umeme wa namna mbili: umeme mdogo wa kupasha moto, mara nyingi volti 6.3, na umeme mkubwa wa mkondo mnyofu, kwa kawaida volti 150 hadi 300. Huo wa pili huhifadhiwa ndani ya kapasita, na kapasita haijui kwamba swichi imezimwa. Mkondo wa miliampea makumi machache ukipita kifuani waweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo fundi mwangalifu huunganisha rezista ya kumwaga umeme sambamba na kapasita. Rezista ya omu 220,000 kwenye kapasita ya mikrofaradi 100 huumaliza karibu umeme wote kwa muda wa dakika mbili hivi. Rezista hiyo ikikatika, umeme hukaa humo kwa muda mrefu, kimya, ukimngojea mkono.

Kila askari amefundishwa kwamba hakuna bunduki tupu mpaka chemba ikaguliwe. Basi na ahesabu kila kapasita kuwa ina risasi chemba. Achomoe plagi ukutani, maana kuzima swichi hakutoshi. Angoje. Apime kwa mita. Umeme ukiwapo, aumwage kupitia rezista iliyoshikwa kwa koleo yenye mpini wa mpira, kisha apime tena. Na inapolazimu kupima chombo kikiwa na umeme, mkono mmoja ukae mfukoni, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani.

Nidhamu hiyo hiyo yatakiwa katika kutafuta hitilafu. Tumewaona mafundi wengi wakibadilisha vipuri kwa kubahatisha, fedha zikaisha na ugonjwa ukabaki. Sauti ikipotea upande mmoja, badilishana valvu za kulia na kushoto. Hitilafu ikihama pamoja na valvu, valvu ndiyo mbovu. Ikibaki pale pale, tafuta kwenye viungo vya upande huo. Pima volti kwenye rezista ya kathodi: volti 4 kwenye omu 1,000 ni miliampea 4, na hesabu hiyo yaonyesha kama valvu inafanya kazi. Ngurumo ya mitetemo 100 kwa sekunde huelekeza kwenye kapasita za kuchuja zilizochoka. Ile ya mitetemo 50 mara nyingi hutoka kwenye nyaya za kupashia moto au mpangilio mbaya wa waya wa ardhi.

Na hapa twasema bila kuficha: fundi anayekata waya wa ardhi ili ngurumo ikome amefanya kosa kubwa. Transfoma ikivuja siku moja, sanduku lote la chuma litakuwa na umeme, na atakayeligusa huenda akawa mtoto wake. Vivyo hivyo, katika amplifaya isiyo na transfoma ya kutolea sauti, kapasita moja tu ndiyo inayouzuia umeme mkubwa usifike kwenye hedifoni. Tundu la hedifoni lipimwe kwanza kwa mita. Masikio yafuate baadaye.

Rai yetu kwa wakuu wa vikosi na vituo ni ndogo, tena haina gharama kubwa. Watenge meza moja yenye mita nzuri, na taa ya nyuzi iliyounganishwa kwa mfuatano na plagi: taa hiyo ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, huenda ndani mna njia ya mkato, na chombo kizimwe mara moja. Mafundi wa mawasiliano wawafundishe wenzao. Na mtu asifungue chombo cha umeme mkubwa akiwa peke yake, kama vile asivyokwenda doria peke yake.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Dakika mbili za kungoja kapasita itulie si nyingi kwa mtu ambaye nyumba yake na taifa lake vinamhitaji kesho.