Simu ya Mwanao Ina Amana za Wengine



Shukrani zote njema anastahiki Allah, Msitiri wa aibu za waja Wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, nimepokea barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi ya mumewe imewahamishia Sigowet, kwenye vilima vya majani chai vya Kericho. Ameniruhusu niyaandike yaliyowafika kwa sharti nisitaje majina.

Binti yao ana umri wa miaka 16. Mjomba wake aliyeko Mombasa alimnunulia simu, akaitengeneza kwa akaunti yake mwenyewe, kisha akamtumia. Wazazi hawakujua, wala binti hakujua, kwamba kila picha iliyopigwa kwa simu ile ilifika pia kwenye simu ya mjomba. Asubuhi moja akampigia dada yake kwa hasira: "Huyo kijana aliyesimama na mwanao shambani ni nani?" Mama alipigwa na butwaa, kwani picha ile aliipiga yeye kwa mkono wake. Jirani aliwaalika kutazama uchumaji wa majani chai, na kijana yule ni mwanawe. Dada zake watatu walikuwapo papo hapo, ila hawakuingia kwenye picha.

Mjomba aliridhika. Binti hakuridhika. Ameitia simu kabatini, na mjomba akipiga kwa mama, yeye huondoka chumbani. Mama ananiuliza: "Sheikh, kaka yangu asema alitaka kumlinda mpwa wake. Je, amekosa?"

Jawabu langu ni kwamba nia yake ni njema, lakini njia aliyoipita si ya haki.

Wako wanaodhani kuwa faragha ni jambo baina ya watu baki tu, na kwamba ndani ya ukoo hakuna mlango wa kubisha. Qur'ani yafundisha kinyume cha hayo. Katika Surat Nur, aya ya 58, hata watoto wadogo wa nyumbani wameamrishwa waombe idhini nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Aya inayofuata yawataka waliobaleghe waombe idhini kila mara. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo aombe idhini hata kwa mama yake anayeishi naye. Akajibiwa kuwa ndiyo, asije akamkuta hana nguo. Ikiwa mwana hubisha hodi kwa mama yake, mjomba ataingiaje kimya kimya kwenye picha za mpwa wake?

La pili ni zito zaidi, nalo wengi hawalifikirii. Mjomba ni maharimu wa binti huyu, lakini si maharimu wa rafiki zake. Mama ameniandikia kwamba ndani ya simu ile mna picha za arusi ya jamaa Mombasa, za usiku wa wanawake peke yao, wasichana wakiwa vichwa wazi na mapambo yao. Mnajua wenyewe kwamba katika shughuli zetu nyingi za wanawake simu hukatazwa mlangoni, na sababu ni hii hasa. Wasichana wale walimwamini mwenzao. Hawakumwamini mjomba wake, wala yeyote anayeazima simu ya mjomba barazani. Basi anayefungua picha za mtu mmoja hufungua stara za wengi, na idhini ya mmoja haitoshi kwa wote.

La tatu, Surat Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya na upelelezi katika aya moja. Tazameni yaliyotokea: upelelezi ulizaa dhana, na dhana ikazaa chuki, kwa picha isiyo na kosa lolote.

Sheria za nchi nazo zimelitambua jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 chalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi katika taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini hiyo. Sheria hiyo haikutungwa kwa mambo ya ndani ya nyumba. Lakini ikiwa shule yaulizwa kuhusu picha za watoto, sisi tutaulizwa na Mola wetu.

Sisemi mzazi afumbe macho. Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini mchunga huonekana na kundi lake. Anayenyemelea vichakani ni mwingine. Mtoto mdogo asipewe simu bila ya masharti, na ayajue masharti hayo siku anayopewa. Aliye mkubwa, kaeni naye mtazame pamoja, yeye akiishika simu. Pakiwa na dalili ya wazi ya hatari, kama mtu mzima anayemshawishi au anayemtisha kwa picha, mzazi aingilie mara moja. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure nchini Kenya.

Kwa dada yetu wa Sigowet: simu ipate akaunti ya binti mwenyewe. Kaka yako azifute picha zote zilizomfikia, na asisahau kapu la taka, kwani katika Google Photos picha iliyohifadhiwa kwenye akaunti hubaki humo hadi siku 60 baada ya kufutwa. Kisha ampigie mpwa wake, amuombe radhi. Mkubwa kumuomba radhi mdogo hakumpunguzii heshima. Na binti, ukiyasoma haya, mpokee mjomba wako. Alikosea njia kwa kukupenda.

Nanyi waume na wake mnaopekua simu za wenzenu wakiwa wamelala, maneno haya ni yenu pia.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, atutie imani baina yetu. Amin.

Wallahu aalam.