Dar, Nairobi, Kampala, Kigali: kabla hamjapakia mabegi

Msimu wa "mwaka huu tunakwenda wapi?" ndio huo unakuja. Wale wa Moshi mnajijua, Desemba ni ya kwenda kuhesabiwa. Ila kuna wanandoa vijana wanaotaka kitu kingine kabisa: kupakia watoto kwenye gari, kuipita hiyo Moshi, na kuendelea tu. Namanga, Nairobi, Kampala, Kigali, halafu kurudi Dar kupitia Rusumo. Duara zima! Mimi wazo hili nalipenda sana. Lakini pia ni wazo linaloweza kuwafanya mnuniane kabla hata hamjafika Chalinze.

Tatizo kubwa, kwa ninavyoona, ni kwamba safari ya namna hii huwa inapangwa na mtu mmoja. Baba anatangaza siku moja akiwa na furaha zake, mama anaambiwa "we shughulika na nguo za watoto tu." Au mama kashachagua hoteli mpaka Kigali, baba anaulizwa kitu kimoja: gari limefanyiwa sevisi? Sasa mtu ambaye hakushirikishwa kwenye kupanga atashiriki vizuri sana kwenye kulalamika. Siku ya nne, jua la Nakuru, mtoto anatapika, ndipo utasikia "si wewe ulitaka?"

Kwa hiyo kaeni chini wote wawili, kalamu na karatasi, na muanze na lile lisilopendeza: hela. Duara hili ni zaidi ya kilomita 3,500. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litakunywa lita 350, na ukiongeza mizunguko ya mjini piga 400. Zidisha kwa bei ya mafuta ya leo uone. Hapo hamjalala, hamjala, hamjalipa bima. Halafu kumbukeni, jamani, baada ya Desemba inakuja Januari, na Januari ina ada. Ushauri wangu hauna mjadala: ada na kodi ya nyumba zitoke kwanza, ziwekwe pembeni mahali ambapo hakuna kadi ya benki ya kuzifikia kirahisi. Kinachobaki ndicho bajeti. Kama kinatosha kufika Nairobi na kurudi, basi nendeni Nairobi mrudi. Kigali haihami.

Tuje kwenye makaratasi. Kama nyote ni Watanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hamlipii viza. Lakini kitambulisho cha taifa peke yake msikitegemee. Kila mmoja awe na pasi au hati ya kusafiria, mtoto wa kunyonya naye yumo. Bebeni na vyeti vya kuzaliwa. Kama mmoja wenu atawakuta mbele kwa ndege na mwenzake atavuka mpaka na watoto peke yake, aandike barua ya ridhaa mapema.

Halafu kuna kasheshe la kadi ya njano. Kadi ya njano ni mbili! Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kila msafiri. Ya pili ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, ambayo inalipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine ukiwa nje ya nchi. (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huu wa bima bado imo.) Mume anajibu "kadi ya njano ninayo", mke anatulia, kumbe kila mmoja anazungumzia kadi tofauti. Onyeshaneni kwa macho. Chanjo mchome mapema, maana cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo aliyewahi kuchanja zamani atafute tu karatasi yake kwenye makabrasha.

Na gari ni la nani? Kama kadi ya gari ina jina la kaka, la kampuni, au benki bado inawadai, tafuteni barua ya ruhusa. Mpakani forodha watawapa kibali cha muda cha gari. Kina tarehe ya mwisho. Mmoja wenu awe na kazi ya kuikumbuka.

Sasa usukani. Hapa ndipo penye roho za watu. Wanaume wengi (samahani kaka zangu) wanaona kulala njiani ni kushindwa. Nairobi mpaka Kampala ni kama kilomita 650, na kuna mtu atataka kuzimaliza siku moja, na watoto nyuma. Kateni vipande: laleni Eldoret, au sogeeni mpaka Jinja kama mmewahi. Kampala–Kigali ikateni Mbarara. Mkubaliane mkiwa bado nyumbani, mmetulia, kwamba anayesema "nimechoka" au "naogopa" ndiye mwenye neno la mwisho, awe anaendesha au amekaa pembeni. Hakuna kubembelezana, hakuna "bado kidogo tu". Gari linaegeshwa. Usiku kuna malori yaliyoharibika bila taa katikati ya barabara, na hilo halijali nani ni kichwa cha nyumba.

Kisha Rwanda. Kule gari linapita upande wa kulia wa barabara, na gari lako la Dar lina usukani kulia pia. Maana yake nini? Maana yake ukitaka kulipita lori, wewe dereva huoni kinachokuja. Anayeona ni aliyekaa kushoto, yaani mwenzako. Hebu fikiria: mmenuniana, na sasa yeye ndiye macho yako kwenye vilima na kona za Rwanda. Mimi ningesema msilipite kabisa lori kwenye mlima, mfuate taratibu mtazame migomba. Lakini kama mnaweza kumalizia ule ugomvi Kabale, kwenye kikombe cha chai, umalizieni huko. Na mifuko ya plastiki iacheni, Rwanda wameipiga marufuku tangu 2008.

Ndugu je? Ah, hapa napita haraka ila si padogo. Kama shangazi yupo Kampala, mwambieni mapema siku mnayofika na siku mnayoondoka, na amwambie yule mwenye shangazi wake, si mkwe. Mkiacha wazi, siku moja inakuwa nne, na bajeti ya Kigali imeishia kwenye zawadi na soda za majirani.

Fedha za mpakani zitawachanganya: shilingi tatu zenye jina moja, halafu faranga. Ya Kenya ni nzito kuliko yetu na ya Uganda kwa mbali, kwa hiyo mtoto akiomba "mia mbili tu" ya juisi pale Naivasha, pigeni hesabu kwanza.

Mkirudi Rusumo, saa zenu zisogezeni mbele kwa saa moja, maana Kigali iko nyuma yetu. Mliotoka huko saa 1 asubuhi mmetoka saa 2 ya kwetu, na Kahama bado mbali, kwa hiyo msipoteze muda mkachukuliwa na giza. Ukivuka daraja unarudi upande wako wa kushoto, na hapo akili inadanganya, hasa ukitoka kituo cha mafuta. Aliyekaa pembeni asisinzie kwanza. Aendelee kusema "kushoto, baba, kushoto" mpaka Benaco.